Kabla hujamlipa mtu hela ya nyumba Dodoma

Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtendaji wa mtaa haihamishi umiliki. Inaonyesha tu kwamba mliuziana. Jina la muuzaji linabaki kwenye daftari la Msajili wa Hati mpaka uhamisho usajiliwe, na hapo ndipo watu wa Nkuhungu na Ihumwa wanapoliwa.

Anza na upekuzi ofisi ya ardhi, ukitumia namba ya hati, kitalu na kiwanja. Majibu yatakuonyesha mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio lolote. Halafu nenda kiwanjani ukazione bikoni zenyewe, yaani alama za mipaka zilizosimikwa kwenye kona za kiwanja: namba iliyochongwa ifanane na ya kwenye ramani. Wengi huonyeshwa kiwanja cha jirani, kisa kina mti mzuri wa kivuli.

Hati za zamani za CDA, mamlaka iliyokuwa ikiendeleza makao makuu Dodoma na kuvunjwa mwaka 2017, zisome taratibu. Nyingi ni za miaka 33, si 99, kwa hiyo hesabu miaka iliyobaki.

Nyumba ya familia haiuzwi bila idhini ya mwenza, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Kama mmiliki amefariki, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo "mtoto mkubwa".

Kwa wakili mnasaini fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35. Kodi ya pango la ardhi ikidaiwa, faili halisogei. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida anayopata kwa kuuza, ni ya muuzaji. Iandikeni kwenye mkataba, maana wauzaji huisahau makusudi.