Kurudi skuli na ushamaliza skuli

Juzi baada ya magharibi mama jirani alinigongea mlango, sahani ya mahamri mkono huu, mkono huu barua imekunjwa mara nne. Bintiye amemaliza fomu foo, gredi yake nzuri mashallah, na ameitwa skuli ya bweni ya kimataifa huko nje, miaka miwili, skolashipu karibu yote. Hata hajakaa vizuri akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulikwenda. Hii skuli ni ya nini na mtoto ashamaliza skuli?" Nikamjibu juujuu tu, chai ilikuwa inafurika jikoni, lakini swali lake halijanitoka.

Mimi nlikwenda Waterford Kamhlaba, iko Eswatini, ile Swaziland ya zamani, juu ya mlima karibu na mji mkuu, Mbabane. Ni moja ya skuli za UWC, yaani United World Colleges, zile zilizoanza Wales na Atlantic College mwaka 1962, na nchi nyingi zina kamati yao inayochagua wanafunzi. Intavyu yangu ilikuwa Nairobi, tukapanda treni Miritini, Mombasa, mimi na babangu, yeye akakaa nje ya geti siku nzima na chupa yake ya chai ya tangawizi akinisubiri, na nlipotoka hakuniuliza lolote, alinimiminia tu chai.

Waterford ilifunguliwa 1963, wakati Afrika Kusini jirani hapo watoto weusi na weupe hawaruhusiwi kukaa darasa moja, ikafunguliwa makusudi wakae pamoja. Mabinti wa Mandela, Zenani na Zindzi, walisoma hapo. Jina Kamhlaba aliwapa Mfalme Sobhuza wa Pili, na mhlaba ni dunia, ardhi hii tunayoikanyaga sote.

Sasa wacha niseme lile lililomtia hofu mama jirani, kwa sababu na mie liliniuma sana. Mwaka wa masomo kule unaanza Januari, kwa hivyo baada ya fomu foo nlikaa nyumbani karibu mwaka mzima, wenzangu wameingia kampasi, halafu naondoka naenda kuvaa begi la skuli tena miaka miwili! Mtaani Kisauni watu walikuwa wakimuuliza mamangu kwa upole kabisa, "kwani alifeli?" Nlipomaliza, wenzangu wengine walikuwa mwaka wa tatu. Miaka hiyo hairudi na sitamdanganya mtu kwamba haina bei, na tiketi je, mamangu aliuza bangili zake mbili ndo nikarudi Disemba ya kwanza. Kwa hivyo mama, soma hiyo barua vizuri, uliza tiketi nani analipa, likizo fupi mtoto atalala wapi, bima ya matibabu imo au haimo.

Masomo yenyewe ni ile diploma ya kimataifa ya IB, International Baccalaureate, unachukua masomo sita, matatu kwa kina na matatu kwa kiwango cha kawaida, kila moja alama 7, ukiongeza 3 za esei ndefu na somo la nadharia ya maarifa ndo unafika 45. Esei ni hadi maneno elfu nne, juu ya swali ulilolitafuta mwenyewe. Mimi nlotoka kwenye kukariri madondoo ya mwalimu nlikaa wiki tatu bila swali, nalia usiku, maana katika maisha yangu yote ya skuli hakuna mtu aliyewahi kuniambia nenda katafute swali.

Lakini lililonibadilisha haswa ni Kiswahili. IB inakuruhusu usome fasihi ya lugha yenu hata kama skuli haina mwalimu wake, unajisomea mwenyewe na mtihani unaufanya. Basi mimi hapo, Mbabane, mwezi wa Julai, baridi ile ya mita elfu moja na mia mbili juu ya bahari, mtoto wa pwani nimejifunga leso mbili juu ya sweta, nasoma mashairi ya kale ya Mombasa na nusu ya maneno siyajui! Nikawa namtumia bibi Watsapu, bibi yangu wa Mji wa Kale, namsomea ubeti kwa sauti naye ananijibu kwa sauti, "nti ni nchi mwanangu, mato ni macho, nyie skuli yawafunza nini?" Kila Jumapili, dakika ishirini, thalathini. Mashairi mengine akayamalizia kwa moyo kabla sijafika mwisho.

Na lugha ya huko yenyewe, Kiswati, ilinikaribisha. Ukitoka Johannesburg kwa barabara, mpaka unaovuka unaitwa Ngwenya, yaani mamba, na sisi kwenye mashairi mamba ni ngwena. Watu ni bantfu, nyoka ni inyoka, nyama ni inyama. Wakikusalimia sanibonani, ndani yake mna kuona. Mwenzangu wa chumbani aliniambia anatoka Pemba nikamrukia kwa Kiswahili, kumbe ni Pemba ya Msumbiji, kwao wanasema Kimwani, na bado tukaelewana nusu kwa nusu.

Mwaka wa pili, mwezi wa Agosti, bibi alifariki asubuhi. Alasiri washamzika. Mimi nlipata simu nikitoka maabara, na hakuna ndege duniani ambayo ingenifikisha. Yule msichana wa Pemba alinikalisha kitandani, akasoma Yasin, na wengine ambao si Waislamu wakakaa chini wamenyamaza mpaka akamaliza, kisha mmoja akaleta chai. Mtihani wa Novemba nliufanya na sauti za bibi kwenye simu, ninazo mpaka leo.

Baada ya hapo nlipata chuo Marekani, kupitia ule mpango wa Davis ambao tangu mwaka 2000 unavipa vyuo vya kule pesa za kuwasaidia waliotoka UWC, na hiyo ni hadithi nyengine.

Jana nimepita kwao kurudisha sahani. Bintiye alikuwa anakuna nazi, nikamuuliza lugha gani atachukua, akasema Kifaransa labda. Nikamwambia chukua na Kiswahili, na kabla hujaondoka kamrekodi bibi yako, mwambie akuimbie zile za harusi. Mamake akasikiliza, hakusema ndiyo wala la. Kisha akauliza huko baridi inafika wapi, na Jumamosi tunakwenda Kongowea sote watatu tukamtafutie jaketi la mitumba.