Nilivyofukia vitambaa vya pamba kujua kama udongo wangu una uhai

Mabua niliyokuwa nafukia shambani msimu huu nilikuwa nayakuta msimu unaofuata yako vilevile, makavu, na mita kama thelathini tu kutoka hapo kuna kichaka hakijawahi kulimwa, majani yanadondoka pale na ukirudi baada ya muda huyaoni, yameshakuwa mboji. Hiyo kitu ilinisumbua sana yaani. Mvua ileile, jua lilelile, sasa kule kuna nini kinachokula na huku hakili?

Maabara sina, kwa hiyo nikachukua shuka kuukuu la pamba tupu (lisiwe na nailoni wala polista, hizo vijidudu haviziwezi), nikakata vipande vya ukubwa wa kiganja, nikafukia kina cha sentimita 8 hivi sehemu nne: shamba ninalotifua kila msimu, kipande cha shamba hilohilo nilichoacha kukilima nikakifunika matandazo, kona ya bondeni ambapo maji yanatuama, na kule kichakani. Kila sehemu vitambaa vinne na kijiti cha alama. Pamba ni selulosi, bakteria na fangasi wanaila, kwa hiyo kadri kitambaa kinavyoisha ndo unajua kazi inaendaje huko chini.

Miezi miwili ikapita nikafukua. Cha kichakani nusura nisikione, zilibaki nyuzi chache zenye madoa ya rangi ya chungwa na meusi, na vile viuzi vyeupe vyembamba vya fangasi vimeshikana na udongo kiasi kwamba ukinyanyua, bonge zima linaning'inia nalo. Cha shambani nikakikung'uta vumbi, nikakivuta kwa mikono miwili, hakichaniki. Cha kwenye matandazo kilikuwa na matundu. Cha bondeni kizima ila kimekuwa cheusi na kinanuka yai bovu.

Nikaamini vijidudu vya shambani vimekufa, na nikawa karibu kununua zile chupa za bakteria hai wa kumwagia kwenye udongo. Bahati nzuri nilijaribu kitu kingine kwanza. Nikachukua chupa tatu za kioo, mbili nikaweka udongo mkavu wa shambani, moja ya hizo nikainyunyizia maji kidogo, ya tatu nikaiacha tupu, kila moja nikaweka ndani kikombe kidogo cha maji ya chokaa yaliyochujwa nikafunga vizuri. Asubuhi yake kile kikombe cha udongo uliopata maji kilikuwa na utando mweupe mzito, vile viwili vingine karibu viko sawa. Maji ya chokaa yanageuka meupe yakikutana na hewa ukaa. Kumbe wapo! Wanapumua, walikuwa wamelala tu kwa kiu.

Nikaja kujua hili jambo lina jina kabisa, athari ya Birch, kwa sababu H. F. Birch ndiye aliyelielezea mwaka 1958 kwa utafiti alioufanya Kenya: udongo uliokauka ukiloweshwa, vijidudu vinaamka kwa kishindo vinatafuna mboji na kutoa nitrojeni pamoja na hewa ukaa kwa wingi. Hapo ndo nikaelewa shamba langu, maana udongo ulio wazi unakauka kabisa, mvua inanyesha, wanaamka wanakula kidogo kilichopo, unakauka tena, na kila mzunguko kaboni inazidi kupungua na mimi sirudishi kitu. Halafu jembe nalo kila msimu linakata zile nyuzi za fangasi na kuvunja mabonge yaliyokuwa yameificha mboji, kwa hiyo chakula kinaisha haraka zaidi. Kichakani kuna kivuli, unyevu haupotei ghafla na majani yanaongezeka kila siku.

Joto nalo. Kwenye joto la kawaida, likipanda nyuzijoto 10 za Selsiasi kasi ya vijidudu kufanya kazi inaongezeka karibu mara mbili, ila hiyo ina mwisho wake, na udongo wazi mchana unachoma mpaka mkono hauvumilii wakati chini ya matandazo umepoa. Na maji yakizidi ni balaa vilevile, wanachapa kazi vizuri pale karibu asilimia 60 ya nafasi za udongo zikiwa na maji na zilizobaki zina hewa, ndo maana kule bondeni kitambaa hakikuliwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa msimu uliofuata, kwa pupa nikafukia mabua mengi makavu kwa mpigo na mimea ikawa ya njano. Vijidudu vinataka kaboni kama sehemu 25 kwa nitrojeni sehemu moja, mabua makavu yanafika 60 au zaidi, kwa hiyo vilichukua nitrojeni ya kwenye udongo na mmea ukakosa. Sasa hivi mabua nayalaza juu tu, na katikati napanda mimea jamii ya kunde nikiifyeka ikiwa bado mibichi. Kutifua nimeacha, nachimba mashimo ya mbegu basi.

Juzi nimefukua vitambaa vya msimu wa pili. Vya kwenye matandazo vimeisha, nilipata nyuzi mbili tu zimeng'ang'ania mzizi. Vile vya sehemu niliyoacha kulima mwaka huu vinachanika kwa kidole. Kona ya bondeni bado kitambaa kinatoka cheusi na kizima, na huko nimeshaanza kuchimba mtaro.