Sindano niliyoiacha kwenye pamba

Ilikua masika, ziwa limechafuka siku ya tatu, na mimi niko zamu ya usiku kwenye kituo kimoja cha afya huku ufukweni Mwanza, jina lake sitaji. Saa 8 usiku wakamleta kijana mvuvi toka mwaloni, kule mitumbwi inakoegesha, wenzie wanne wamembeba kwenye turubai, malaria imempanda kichwani anarusha mikono na miguu. Nikawa natafuta mshipa huku wamemshikilia, umeme ukakatika, mmoja akanimulikia na simu, kanula, kale kamrija ka kupitishia dawa mshipani, ikaingia mara ya pili. Nikampa atesuneti, dawa ya malaria kali, nikafunga plasta, hapo ndo nikageuka kutafuta pa kuweka ile sindano ya kanula.

Boksi la sindano lilikua limejaa. Yani sio ile robo tatu ambayo tunatakiwa tulifunge, limejaa mpaka mabomba ya sindano yamechomoza mdomoni, na maboksi mapya yako stoo na funguo aliyekabidhi zamu kaondoka nazo. Chuoni walitukazia sana usirudishie kifuniko kwenye sindano iliyotumika maana hapo ndo watu wanajichoma, basi sikuifunika, nikaiweka kwenye kidishi juu ya pamba yenye damu nikajiambia ntarudi sasa hivi. Sikurudi. Kijana akaanza degedege, tukahangaika nae, saa 10 gari likampeleka hospitali kubwa mjini, mimi nikaandika ripoti, kukakucha nikaenda kulala.

Mama wa usafi tulikua tunamwita mayu, Msukuma wa makamo, akiingia asubuhi anaamkia "mwangaluka" kitanda kwa kitanda hata kwa mgonjwa asiyeweza kuitika. Kesho yake nikiwa namalizia zamu yangu ya pili nikaona anafagia kwa mkono wa kushoto, kidole cha kulia amekizungushia kipande cha khanga.

"Mayu, kidole kimefanyaje?"

"Aa kitu kidogo tu mwanangu, jana kuna kitu kilinichoma nikiwa nakusanya pamba."

Miguu ikaniisha nguvu. Zaidi ya saa 24 zimeshapita. Alikiminya kidole kitoe damu afu akamwagia jiki, vitu ambavyo havitakiwi kabisa, ni maji yanayotiririka na sabuni halafu unatoa taarifa palepale. Nikamuuliza mbona hukusema mayu? Akasema "nimwambie nani, sisi ni watu wa kampuni, ukisema wanasema hujui kazi."

Nikamwambia sindano ni yangu, mimi ndo niliiacha pale. Akanitazama muda mrefu hakujibu.

Dokta akampima VVU, yuko salama, akamwanzishia dawa za kinga hapohapo maana mwisho ni saa 72 na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, inatakiwa uanze ndani ya saa chache. Hali ya VVU ya yule kijana hatukuijua, na haisubiriwi kujulikana. Nilimweleza mayu kwamba kati ya watu 1000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU wanaopata ni kama 3, akatulia kidogo. Kilichonitisha mimi ni homa ya ini B, kwa mtu asiyechanjwa inaweza kufika hata 30 kwa 100. Mimi nilikua nimechanjwa dozi zote 3. Mayu hata moja, na anashika takataka zetu kila siku, siku wanachanja watumishi hakuna aliyemhesabu. Hilo linaniuma mpaka leo. Siku ile ndo akapata ya kwanza.

Shida ikawa nyumbani. Vidonge siku 28, kichefuchefu, na akasema mzee akiviona atajua nimeleta ugonjwa. Jumapili nikapanda mpaka kwao, juu kwenye mawe ya Igogo, nikasema shikamoo baba, nikaeleza yote bila kuficha, boksi, giza, pamba, mpaka hapo nilipoondoka kwenda kulala. Mzee akasema, "Kwa hiyo anameza kwa sababu yako?" Nikasema ndiyo baba. "Basi utakua unakuja kuhakikisha anameza." Nikaenda kila nisipokua zamu ya usiku, nakaa kwenye kibao mpaka ameze, wananipa ugali na dagaa, mzee haongei sana na mimi siondoki.

Alipimwa tena wiki ya 6, mwezi wa 3, mwezi wa 6, yote yakarudi salama, na chanjo akamaliza zote.

Siku hizi boksi naenda nalo mpaka kitandani kabla sijafungua sindano, likifika robo tatu nalifunga hata kama ni saa 9 usiku, na funguo za stoo tulipigia kelele mpaka zikawekewa msumari wodini. Mayu bado yupo. Asubuhi anasimama mlangoni na ndoo, anasema mwangaluka, hagusi kitu.

"Nesi, yako iko wapi?"

Namwonyesha boksi, ndo anaingia.