Jinsi Nilivyowakinga Mende Wangu na Baridi ya Uyole

Mende wa Madagaska huzaa vizuri kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, ilhali usiku wa Julai hapa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10. Ndiyo maana wangu walizubaa, wakasusa karoti, na hata nilipowashika hawakufoka kupitia matundu ya pumzi ya ubavuni. Nilifunga balbu ya zamani, ile inayotoa joto, nje ya kasha lao, upande mmoja tu, ili kila mende ajichagulie pa kukaa, na blanketi nikaliweka upande wa pili, mbali na balbu. Kwa kuwa joto hukausha hewa, na ukavu huwakwamisha wadogo wanapojivua gamba, kila jioni huwa nanyunyizia kuta za kasha maji kidogo. Sasa wanakula, na jike mmoja amezaa watoto weupe kabisa, ambao baada ya saa chache walibadilika kuwa kahawia.