Lami, Nyasi au Mashine: Ninavyoamua Pa Kukimbilia

Maumivu ya ugoko ndiyo yaliyonifanya nianze kutazama ninakanyaga wapi. Nilikuwa nakimbia kila asubuhi kwenye njia ya zege ya watembea kwa miguu, ile ile kwenda na kurudi. Mwanzoni niliyaona kama uchovu wa kawaida, kisha yakawa yananiuma hata ninaposhuka ngazi. Wakimbiaji wenzangu walinipa ushauri mmoja: hamia kwenye nyasi, nyasi ni laini. Nikahamia. Ugoko ukatulia, lakini muda si mrefu mashavu ya miguu na kano la kisigino vikaanza kukaza.

Hilo lilinisumbua sana, maana nilidhani palaini ni salama, basi. Nikaanza kusoma na kujaribu. Mwaka 1998 watafiti Ferris, Louie na Farley walionyesha kwamba mguu hujirekebisha kulingana na ardhi: mkimbiaji akikanyaga pagumu mguu wake hulegea zaidi, akikanyaga palaini hukaza, kiasi kwamba mwendo wa mwili wote unabaki karibu vile vile. Kwangu hilo lilibadilisha kila kitu. Ukihama kutoka zege kwenda nyasi, mzigo hauondoki mwilini. Unagawanywa upya, na sehemu ambayo haikuzoea ndiyo inayolia. Tangu hapo, kabla ya kufunga kamba za viatu najiuliza mambo mawili: jana miguu ilifanya kazi gani, na leo nataka ifanye ipi?

Lami naipa siku za mwendo wa kasi ya kadiri na zile za umbali mrefu, kwa sababu mbio nyingi ninazojiandikisha ni za barabarani na mwili lazima ukijue kishindo chake. Wengi hulaumu ugumu wake. Mimi nimeona mteremko wa pembeni unasumbua zaidi. Barabara huinuliwa katikati ili maji ya mvua yatiririke, kwa hiyo ukikimbia kandokando mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwingine kwa maelfu ya hatua, na nyonga hulipia. Katikati ya barabara si mahali pa mkimbiaji, na kuhamia upande wa pili kunakufanya uyape mgongo magari yanayokuja, jambo nisilolikubali. Ninachofanya ni kutafuta barabara tambarare zisizo na magari mengi, hata kama ni lazima nizirudie mara kadhaa, na kuwahi kabla moshi wa magari haujajaa hewani.

Njia za udongo ndizo ninazozipenda kuliko zote. Hapo hakuna hatua inayofanana na nyingine: jiwe hapa, mzizi pale, kamwinuko kadogo mbele. Kifundo cha mguu, nyayo na kiuno vinapokezana kazi, wala hakuna kiungo kimoja kinachogongwa pale pale muda wote. Sharti ni moja, usifukuze kasi. Kwenye lami natazama dakika kwa kila kilomita. Kwenye udongo nahesabu muda tu, nafupisha hatua na kutupa macho hatua chache mbele. Anayelazimisha kasi ya lami kwenye njia ya mawe anatafuta kuteguka. Nyasi nazo nazitumia kwa mbio nyepesi za kujinyoosha, baada ya kuukagua uwanja kwa kutembea, kwani mashimo hujificha humo.

Uwanja wa riadha ni wa siku ya kasi tu. Mzunguko wa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ni mita 400, hivyo hakuna ubishi kuhusu umbali. Ila ukikaa njia ya nane unakimbia kama mita 453, na nimesikia watu wakihuzunikia muda wao bila kujua hilo. Tangu Olimpiki ya Mexico City ya mwaka 1968, iliyokuwa ya kwanza kukimbiwa juu ya sakafu ya kutengenezwa badala ya vumbi la mkaa, viwanja hivi vinarudisha nguvu vizuri sana chini ya mguu. Tatizo langu ni kona: daima ni kushoto. Kwa hiyo napasha mwili nikizunguka upande wa pili pale uwanja unapokuwa mtupu.

Mchanga mkavu naugusa mara chache. Kuukimbia hutumia nguvu mara 1.6 ya zile za ardhi ngumu kwa kasi ile ile, na kano la kisigino linavutwa kila kisigino kinapozama. Dakika chache zinatosha.

Sasa mashine, ile ya kukimbilia ndani juu ya mkanda unaozunguka. Kuna wakimbiaji wanaoidharau, nami siungani nao. Ikinyesha sana, giza likiwa limetanda kwenye njia nisiyoiamini, au nikiwa natoka kwenye maumivu, naingia ndani bila kusita. Mkanda ni tambarare, kasi naipanga mwenyewe, na goti likianza kusema nashuka hapo hapo, siko kilomita nyingi kutoka nyumbani. Tena kuna kitu ambacho nje hakipatikani: kupanda mlima bila kuushuka. Kushuka ndiko kunakochosha misuli ya mbele ya paja, kwa kuwa inarefuka huku ikikaza kama breki, na mashine inanipa mpando peke yake.

Ndani hakuna upepo wa kukatiza. Utafiti wa Jones na Doust wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba mwinuko wa asilimia 1 hufidia hilo, lakini kwa mwendo wa kasi. Kwenye mbio za polepole tofauti ni ndogo mno, kwa hiyo siku hizo naiacha bapa. Kukosa upepo kuna upande mwingine ambao watu husahau: jasho halikauki haraka na mwili hupata joto. Nasimama karibu na feni, nakunywa maji mapema. Na kwa kuwa hatua zote zinafanana, kila baada ya muda nabadilisha kidogo kasi au mwinuko ili misuli ile ile isibebeshwe mzigo hadi mwisho.

Ninapotaka kuongeza ardhi mpya, naianza kwa kipande kifupi cha mwisho wa mbio nyepesi, kisha nasikiliza miguu kesho yake asubuhi. Ikiamka sawa, kipande kinarefuka wiki inayofuata; ikiamka imekaza, kinabaki hapo hapo. Na mashindano yakikaribia sijaribu ardhi yoyote mpya: mbio zikiwa za lami, nakanyaga lami, na siku za mapumziko naenda kwenye udongo ule ule ninaoufahamu.