Risasi Isiyo na Risasi, na Mzani wa Sonara

Kuna watu wanapenda kuniambia kwamba ukishanunua risasi ya bei mbaya, kazi imekwisha: mbogo piga popote, atalala. Anayesema hivyo hajawahi kumfuata mbogo mwenye jeraha kwenye vichaka vya kusini mwa Sikonge, mkoani Tabora, saa saba mchana, mbung'o wakimtafuna shingo. Mimi nimemfuata. Na aliyenifikisha huko alikuwa mshauri wa upande wa pili, yule aliyeniapia kwamba risasi ni risasi tu, ghali na rahisi zote zinapita mtutu mmoja.

Bunduki ni .375 ya marehemu mjomba wangu. Kaliba hiyo Waingereza wa Holland & Holland waliitoa mwaka 1912, na kwetu ukitaka mbogo, sheria inaanzia hapo. Habari za kuihamishia jina langu, leseni na kibali cha kununulia risasi sitazieleza, anayewinda anazijua na asiyewinda atasinzia.

Msimu ule nilikuwa na boksi la risasi laini za kawaida. Ndani ni kiini cha risasi, yaani ile madini yenyewe, nje koti jembamba la shaba, na pua imeachwa wazi ili ipasuke ikigusa nyama. Kongoni watatu nilishawaangusha nazo, kila mmoja risasi moja, kwa hiyo nilikuwa najiona fundi. Tukamkuta dume peke yake, mzee, ubavu mzima umepakwa matope yaliyokauka kama ukuta wa tembe. Hatua sitini hivi. Nikamlenga begani, nikafyatua, nikasikia ule mlio wa risasi kufika kwenye nyama. Akapiga goti. Nikageuka kumtazama mzee mfuata nyayo ili anipongeze, na nilipogeuza tena macho mbogo alikuwa anaingia kichakani bila haraka, kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Mzee hakupongeza. Aliokota jani lenye damu, akalisugua kwa kidole gumba, akanionyesha.

"Mwanangu, ya mapafu ina povu. Hii haina."

Saa tano. Sitaki kuzisimulia zote. Mbogo alizunguka akaja kusimama pembeni ya njia yake mwenyewe, na kama si mzee kunusa, angetupitia kwa nyuma. Askari wa wanyamapori alikuwa na bunduki kubwa zaidi, ya .458, na ndiye aliyemmaliza, hatua kumi na mbili kutoka tulipokuwa. Mimi pia nilipiga, na baa nilisimulia kwamba tulipiga pamoja, lakini hapa naandika, acha niseme ukweli: aliyemwangusha ni askari.

Kwenye kuchuna ndipo nilipoelewa. Mfupa wa bega ulikuwa na ufa tu. Koti la shaba lilikuwa limekunjamana juu ya mfupa kama kifuniko cha soda kilichokanyagwa, na kiini kimetoka, kimesambaa kwenye nyama vipande vipande kama pumba. Nyama ya sinia mbili ikatupwa. Ile koti niliitia mfukoni, nikarudi nayo Tabora.

Muuza duka aliitazama, akasema kwa utulivu wa mtu ambaye hakuwepo: "Ungempiga nyuma kidogo ya bega." Akanitolea boksi jingine, bei yake risasi moja ni kama kilo tatu za nyama ya ng'ombe na chenji haibaki. Shaba tupu kutoka pua hadi mkia, na puani kuna tundu. Ikigonga, tundu linajaa majimaji, pua inafunguka majani manne, na kwa kuwa hakuna koti wala kiini, hakuna cha kuachana na kingine. Nikacheka peke yangu njiani: risasi isiyo na risasi ndani yake. Kiswahili chetu hakikulitegemea hilo.

Lakini nilishaumwa na nyoka, jani likitikisika nashtuka. Nikasema hizi nitazijaribu mwenyewe. Na hapa ndipo nilipojiaibisha. Nilijaza viroba sita vya mchanga mkavu wa mtoni, nikavipanga kwenye shamba la rafiki penye kilima nyuma (ruhusa ilikuwepo), nikapiga risasi laini mbili na za shaba mbili. Nikachekecha mchanga mchana kutwa kwa chekecheke la mke wangu, ambalo sasa si la unga tena. Zote zilikuwa zimeharibika! Zile za shaba zilikuwa zimebaki vigogo, majani yote yamenyofoka. Nilimpigia simu muuza duka nikamwita majina ambayo Ramadhani iliyofuata nilikwenda kumwomba radhi.

Jirani yangu mmoja, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa fundi wa silaha, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umeona wapi mbogo wa mchanga?" Mchanga ni msasa, akasema, unakwangua hata chuma. Mnyama ni maji, ngozi na mfupa. Tafuta kitu cha maji.

Basi nikanunua magazeti ya zamani, yale ya kufungia maandazi, kilo sitini kama si sabini. Nikayalowesha kwenye pipa usiku kucha. Asubuhi nikagundua kwamba gazeti likinywa maji halibebeki, tukahitaji mkokoteni na vijana wawili. Tukayabana wima kwenye sanduku refu la mbao, kurasa zikitazama bunduki, na baada ya upana wa kiganja nikachomeka bega la ng'ombe kutoka buchani. Mbele ya yote nikapaka tope, likakauka, kwa heshima ya yule mzee wa Sikonge. Hatua hamsini. Kila baada ya risasi moja tunafungua, tunahesabu tumefika gazeti gani, tunapanga upya. Vijana walianza kusoma habari za uchaguzi wa zamani kupitia matundu, kazi ikachelewa.

Risasi laini zilipasua bega, zikafungua pango la kutisha nyuma yake, kisha zikafa hapo. Ya mbali ilifika sentimita thelathini na tano, koti peke yake. Za shaba nilipiga tano. Nne zilifunguka vizuri, zikaenda karibu mara mbili ya hapo, moja ikatoka nyuma ya sanduku nikaifukua kwenye kichuguu. Ya tano ilipita moja kwa moja kama sindano ya kushonea magunia. Tundu la puani lilikuwa limefungwa na chembe ya mfupa, pua imepinda upande, haikufunguka hata kidogo. Muuza duka hakuwahi kunitajia kwamba jambo hilo linawezekana. Rafiki yangu mmoja pia alinipa mbili za aina ya tatu, zile zenye ukuta katikati unaotenga kiini cha mbele na cha nyuma: mbele inaruhusiwa kupasuka, nyuma inaendelea na safari. Mtindo huo aliuanzisha John Nosler wa Marekani baada ya risasi zake kumshinda moose, mnyama mkubwa kama pofu hivi, huko British Columbia mwaka 1946. Inasimuliwa kwamba na yule moose alikuwa amejipaka matope. Nilipolisikia hilo nilijisikia nina ndugu.

Sasa mzani. Wa jikoni haukutosha, nikaenda kwa sonara karibu na soko, mzee wa Kimanga ninayemwita Ami. Nikammwagia vipande vyangu juu ya kitambaa chekundu. Akavaa miwani, akaikamata ile ya shaba iliyofunguka kwa koleo, akaigeuza.

"Hii umeiokota mgodi gani?"

"Gazetini, Ami."

Mpya ni nafaka 300, kipimo cha Waingereza cha uzito wa risasi, ndiyo gramu 19.4. Ya shaba aliyoishika ilisoma 19.3. Nyingine iliyopoteza jani moja, 17.8. Yenye ukuta, 14 na kitu. Koti la mbogo wangu likasoma 7.6 na matope yake. Ami akaandika zote kwenye karatasi ya risiti kama anayeninunulia, akagoma kuchukua pesa, ila aliomba ile yenye majani manne akaiweka dirishani kati ya hereni.

Nilichokuwa sikutarajia ni kwamba risasi za shaba hazikupiga pale pale zilipopiga zile laini. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kwa uzito uleule kichwa kinakuwa kirefu, na mtutu wangu ulizituma kiganja kizima chini na kushoto kidogo. Ningeingia porini na darubini ya bunduki ikiwa bado imepangwa kwa zile za zamani, ningemvunja mbogo mguu na kuilaumu shaba. Risasi nane ziliisha kwenye kurekebisha. Hesabu ya kilo za nyama fanya wewe, mke wangu alishaifanya.

Msimu uliofuata tulikuwa na mzee yuleyule. Kundi la mbogo kama ishirini, dume zuri ubavu wazi, hatua hamsini. Nikainua bunduki, mzee akashika mtutu akaushusha. Nyuma ya dume alikuwepo jike na ndama wake. Kwa risasi za zamani ningepiga bila wasiwasi, zisingefika kokote. Hizi zinatoboa na kuendelea, na leseni yangu ilikuwa ya mmoja. Tukangoja. Siafu walinipata. Dakika ishirini, labda zaidi, mpaka jike akasogea kufuata majani.

Nilipiga, akatoka mbio na kundi lote, vumbi likafunika kila kitu. Mzee alikaa chini akasokota sigara yake, mimi nikawa natembea huku na huku. Kisha tukasikia ule mlio mrefu, mbogo anapolia mara moja ya mwisho. Hatua themanini kutoka alipokuwa. Mzee akaokota jani, akaninyooshea bila kusema, povu jekundu limejaa.

Tulipochuna, bega lilikuwa limevunjika na tundu la kutokea upande wa pili lilikuwa la kuingia kidole gumba. Risasi yenyewe nimeitafuta nyuma yake mpaka jua linazama, mti kwa mti, kichuguu kwa kichuguu. Ami kila nikipita ananiuliza ya mbogo iko wapi tuipime.