Meli ya makeya

Jana jioni nilikaa barazani na bibi, hapa Bombo. Akatoa kile kikopo cha majani ya chai anachohifadhia nishani ya babu, aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, wakati wa vita vya pili vya dunia. Utepe umechakaa, ila chuma bado kinang'aa kwa kusuguliwa. Akamkumbuka kaka yake, aliyepanda treni kwenda Mombasa asirudi tena.

Sikumwambia kwamba kaka yake alikuwemo, nilimsimulia tu habari za meli ya Khedive Ismail. Iling'oa nanga Kilindini, bandari ya Mombasa, kuelekea Colombo na watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12 Februari 1944, upande wa Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpedo mbili. Ikazama kufumba na kufumbua. Nyambizi ikajificha chini ya walionusurika, na manowari za Uingereza zikatupa mabomu ya kulipukia chini ya maji palepale watu walipokuwa wakielea. Hapo ndipo sauti ilinikatika. Walikufa 1,297.

Bibi aliniomba nimtajie tena jina la meli, polepole, alishike.